Geuza Jani Kwanza: Wadudu wa Plumeria katika Bustani za Kigoma

Plumeria ni mti mvumilivu, na uvumilivu huo ndio unaouponza. Hustahimili kiangazi chetu bila kumwagiliwa, tawi lake likikatwa na kuchomekwa ardhini huchipua, na hata udongo wenye mawe wa miteremko ya Kigoma hauuzuii kukua. Ndiyo maana watu wengi, kuanzia Mwanga na Gungu hadi Kibirizi na Ujiji, huupanda getini au kando ya baraza, wakaufurahia kwa harufu ya maua yake jioni, kisha wakausahau hadi siku majani yatakapobadilika rangi. Siku hiyo wengi hukimbilia duka la pembejeo kuomba "dawa ya wadudu" bila kusema ni wadudu gani, na muuzaji huwapa kile alichonacho, mara nyingi dawa iliyokusudiwa nyanya au pamba. Ninaandika makala haya kwa sababu naamini kwamba hatua inayorukwa hapo katikati, yaani kumtambua mdudu mwenyewe, ndiyo kazi hasa. Na katika mji ulioinamia ziwa kama huu wetu, kuiruka hatua hiyo huleta madhara yanayovuka ukuta wa bustani.

Mti huu asili yake si Afrika. Umetoka Mexico, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, na jina lake linamkumbuka Charles Plumier, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1704. Ni wa ukoo mmoja na oleander na waridi la jangwani, na una utomvu mweupe unaowasha ngozi na kuumiza macho. Asili hiyo ina maana kubwa kwa mtu anayetafuta jina la mdudu wake. Mti ulipohama uliwaacha nyuma baadhi ya maadui wake, na wengine wakaufuata. Anayetafuta picha kwenye intaneti atakutana upesi na kiwavi aitwaye Pseudosphinx tetrio, mweusi mwenye mikanda ya njano na kichwa chekundu, anayeweza kufikia urefu wa sentimita 15 na kuumaliza mti majani. Atakutana pia na mbawakavu wa jenasi ya Lagocheirus, ambaye funza wake hutoboa matawi huko Florida na Hawaii. Hao ni matatizo ya kweli, lakini ni ya kwao. Mtu wa Kigoma akiona ncha ya tawi imekuwa nyeusi na laini, asianze kumsaka mbawakavu wa Karibi. Aanze kuuliza kama maji yanatuama kwenye mizizi, kwa kuwa kuoza kwa shina kunakotokana na unyevu uliozidi ndiko chanzo cha kwanza cha kufikiriwa. Tawi la namna hiyo hukatwa hadi panapoonekana nyama nyeupe iliyo safi, na utomvu ukitiririka vizuri kwenye jeraha ni dalili njema.

Kutambua huanza kwa kugeuza jani. Nashauri ifanyike asubuhi, jua likiwa bado si kali. Shika jani la tatu au la nne kutoka kwenye ncha ya tawi, uligeuze bila kulichuma, kwa kuwa likichumwa utomvu utatiririka na kuficha kila kitu. Kisha fuata mshipa mkubwa wa katikati kutoka kwenye kikonyo hadi mwisho wa jani. Baada ya hapo tazama pale vikonyo vinapoungana na tawi, tazama vichipukizi vya maua, halafu ushuke na shina hadi chini uone kama sisimizi wanapanda na kushuka. Kamera ya simu ikisogezwa karibu na picha ikakuzwa hutosha kabisa kwa kazi hii. Karibu kila kitu kinachosumbua plumeria kwetu huanzia upande wa chini wa jani, na anayeutazama mti kutoka juu tu huona matokeo, akakosa kumwona mhusika.

Mdudu ninayemkuta mara nyingi kuliko wote ni kidung'ata. Ana mwili laini wa milimita chache uliofunikwa na unga mweupe wa nta, na hukaa kwa makundi mahali palipojificha, akifyonza maji ya mti. Wakulima wa mkoa wetu hawahitaji kuelezwa madhara yake, kwani kidung'ata wa mihogo alitikisa Afrika nzima baada ya kuonekana Kongo mwaka 1973. Yule alidhibitiwa kwa nyigu mdogo kutoka Amerika ya Kusini, aliyeanza kuachiwa mashambani nchini Nigeria mwaka 1981, na Hans Rudolf Herren, aliyeongoza kazi hiyo, akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Anayekaa kwenye plumeria ni mwingine. Anayefaa kuogopwa zaidi ni kidung'ata wa mpapai, Paracoccus marginatus, ambaye naye ametoka Mexico, akaripotiwa Ghana mwaka 2009 na baadaye akaenea hadi Afrika Mashariki. Chini ya unga wake ana rangi ya njano, na ukimponda kati ya vidole huacha alama ya njano. Hushambulia mpapai, plumeria, hibiskasi, muhogo na mimea mingine mingi, kwa hiyo mwenye mpapai uliojaa unga mweupe karibu na plumeria hawezi kuutibu mti mmoja akauacha mwingine.

Kidung'ata hutoa majimaji matamu yanayonata. Majimaji hayo hudondoka kwenye majani ya chini, ukungu mweusi ukaota juu yake, na mwenye bustani akadhani ana ugonjwa wa pili. Ukungu huo hauli jani, bali hulizuia jani kupata mwanga, na hutoweka wenyewe wadudu wakishaondolewa na majani kuoshwa. Majimaji hayohayo huwaita sisimizi, na hapa ndipo watu wengi hukosea lengo kwa kuwapulizia sisimizi sumu wakidhani ndio wanaokula mti. Sisimizi hawali plumeria. Wamekuja kuchukua utamu, na kwa kuutaka wanawalinda vidung'ata dhidi ya maadui wao. Kinachofaa ni kuwakatia njia: funga kipande cha kitambaa au karatasi ngumu kuzunguka shina, upake grisi juu ya kitambaa hicho, usiipake moja kwa moja kwenye gome, na uhakikishe hakuna tawi linalogusa ukuta wala majani marefu yanayoweza kuwa daraja. Sisimizi wakikosekana, wadudu wanaokula vidung'ata hupata nafasi ya kufanya kazi yao.

Kuhusu hao rafiki zetu nina ombi ninalolitoa kwa msisitizo. Kati ya wadudu vibibi, wale wadogo wa mviringo wenye mgongo unaong'aa, wapo ambao watoto wao nao wamefunikwa na nyuzi nyeupe za nta, na kwa mtazamo wa haraka hufanana mno na vidung'ata wenyewe. Wengi huuawa kwa kutojulikana. Tofauti ipo kwenye mwendo. Mguse kwa kijiti chembamba: kidung'ata atabaki palepale au atajikokota polepole, lakini mtoto wa mdudu kibibi ataondoka kwa haraka, naye ni mkubwa kuliko wale anaowala. Ukimkuta hata mmoja kwenye tawi, liache tawi hilo kwa juma moja kabla ya kupuliza chochote. Mimi humwona kuwa na thamani kuliko chupa yoyote iliyopo dukani.

Baada ya kidung'ata huja inzi weupe, na katika kundi lao yupo mmoja ambaye dalili yake haifanani na ya mwingine yeyote. Jirani yangu, mama mtu mzima wa pale Mwanga, aliniita nilipokuwa napita akaniambia, "Mwanangu, hebu njoo uutazame mti wangu, naona watoto wameuchorea chaki." Baada ya kumwamkia nilimgeuzia jani, nikamwonyesha mistari myeupe ya nta iliyojipinda kwa kuzunguka. "Hii si chaki, mama, ni mayai," nilimwambia, naye akainamia jani kwa muda mrefu, akifuata mstari kwa ukucha wake hadi akayaona mayai madogo yaliyotagwa juu ya nta. Huyo ni inzi mweupe wa Aleurodicus dispersus, mgeni mwingine kutoka Karibi na Amerika ya Kati, anayependa pia mpera na muhogo. Majani yaliyojaa mizunguko hiyo hukatwa na kuzikwa, na yaliyobaki huoshwa upande wa chini kwa maji ya sabuni, kwa kurudia kila baada ya siku 5 hadi 7, kwa sababu mayai hayafi kwa sabuni na yatakayoanguliwa lazima yakute kazi inaendelea. Inafaa kuanza alfajiri, wakati baridi inawafanya wazito wa kuruka.

Mvua zikikatika mwezi Mei, mambo hubadilika. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo hupandisha vumbi jekundu la barabara za mitaani na kulilaza juu ya majani, na hali hiyo ya ukavu na vumbi huwafaa sana utitiri. Hawa si wadudu kwa maana halisi, kwani wana miguu minane na ni wa jamii ya buibui. Ni wadogo kiasi kwamba jicho huona tu doa linalotembea. Jani hupata vidoa vingi vya rangi ya njano iliyofifia, likapoteza ung'avu, na hali ikizidi utaona utando mwembamba kwenye pembe za mishipa. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, uligonge kwa kidole, kisha utazame karatasi hiyo kwa muda: ukiona chembe zinaanza kutembea, umempata mhusika. Katika joto la nyuzi 30 kizazi kimoja hukamilika kwa takriban siku 7 hadi 10, kwa hiyo mti uliokuwa mzima mwanzoni mwa mwezi unaweza kuwa umechakaa mwishoni mwake.

Dawa ya kwanza ya utitiri ni maji matupu. Maji yenye nguvu yakielekezwa upande wa chini wa majani huwaangusha, huvunja utando wao na kuondoa vumbi linalowasitiri. Asiye na mpira wa maji anaweza kutumia bomba la kupulizia la mgongoni lililosafishwa vizuri, au ndoo na kitambaa laini, jani kwa jani, ikiwa mti ni mdogo. Kinachopaswa kuepukwa kabisa ni kupuliza zile dawa za wadudu zinazoua kila kitu, hasa za kundi la pairethroidi. Dawa hizo huwaua maadui wa utitiri kuliko zinavyowaua utitiri wenyewe, na majuma machache baadaye utitiri hurudi wakiwa wengi zaidi. Watu wanaoniambia kwamba mti wao "umezoea dawa" mara nyingi wanaeleza jambo hilihili.

Hapa kalenda inasaidia pia. Plumeria nyingi, hasa zile za Plumeria rubra zenye majani yaliyochongoka, hupukutisha majani yake katika kiangazi na kubaki matawi matupu hadi mvua za Oktoba au Novemba. Jani lenye utitiri mwezi wa Agosti ni jani linalokaribia kuanguka kwa hali yoyote. Sioni sababu ya kulitibu. Lifagiliwe likianguka, lizikwe au lichomwe, na nguvu zielekezwe kwenye matawi yenyewe, ambayo yakiwa matupu huonyesha wazi vidung'ata na wadudu magamba waliojibanza kwenye makovu ya majani. Hiyo ndiyo nafasi bora ya mwaka mzima ya kuusafisha mti kwa mswaki laini na maji ya sabuni.

Mvua nazo huja na kutu. Kutu ni kuvu, Coleosporium plumeriae, wala si mdudu, lakini naitaja kwa sababu wengi huidhania kuwa mayai ya wadudu na kuipulizia dawa isiyoihusu. Juu ya jani huonekana madoa ya njano, na ukiligeuza unakuta unga wa rangi ya chungwa unaobaki kwenye kidole ukiupangusa. Mayai hayapanguswi hivyo. Kuvu hii huishi kwenye majani yaliyo hai na husambazwa na upepo, nayo huhitaji jani liwe na unyevu ili iote. Kwa hiyo kinachosaidia ni kupanda miti kwa nafasi ya kutosha, kumwagilia chini kwenye shina badala ya kulowesha majani, na kuokota kila jani lililoanguka. Mti haufi kwa kutu. Hupoteza majani mapema, ukapungua kupendeza kwa msimu huo, basi.

Wadudu magamba huonekana kama vivimbe vidogo vya kahawia visivyotembea, na ukucha au mswaki huwabandua. Vidukari huja kwenye vichipukizi laini vya maua mvua zinapoanza, nao huoshwa kwa maji. Vithiripi, wadudu wembamba na wadogo sana, huacha michubuko yenye rangi ya fedha na vidoa vyeusi vya kinyesi. Kwa hawa wote sijaona haja ya zaidi ya sabuni, isipokuwa kama mwenye bustani ameushibisha mti mbolea ya yuria au samadi mbichi kupita kiasi, jambo linalozalisha machipukizi laini ambayo kila mdudu mwenye kufyonza huyapenda.

Sabuni yenyewe tunayo. Mkoa wa Kigoma ni mkoa wa michikichi, na sabuni ya mawese inayotengenezwa hapahapa, iliyo rahisi na isiyo na manukato, inafaa kwa kazi hii kuliko sabuni ya unga ya kufulia, ambayo huondoa nta ya asili ya jani na kuliunguza. Kwangua takriban gramu 10, kiasi kinachokaribia kijiko kimoja cha chakula, uyeyushe katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu, uyaache yapoe na uyachuje. Jaribu kwanza kwenye jani moja na usubiri hadi kesho yake. Ukiona jani halijaungua, puliza jioni, upande wa chini zaidi ya upande wa juu, hadi maji yaanze kudondoka, kwa kuwa sabuni huua tu kile inachokigusa ikiwa bado mbichi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali na madini yanayopunguza nguvu ya sabuni, kwa hiyo aliyekinga maji ya mvua kwenye pipa ana faida. Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa mwarobaini: gramu 50 za kiini cha mbegu zilizotwangwa, zikalowekwa usiku kucha katika lita 1 ya maji na kuchujwa, hupunguza ulaji na ukuaji wa wadudu wachanga, lakini nguvu zake huharibiwa na jua na maji yenye alkali. Ndugu zetu wa upande wa Tabora na Urambo, wenye tumbaku, huwa wananishauri maji ya tumbaku. Siyakubali. Nikotini hupenya kwenye ngozi ya binadamu, na mtu anaweza kuumwa vibaya kwa kushughulikia ndoo moja bila glavu.

Kuhusu dawa za viwandani sisemi kwamba hazina mahali pake. Nasema zisinunuliwe kwa kupimiwa. Katika duka moja nilionyeshwa majimaji meupe ndani ya chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa, bila lebo, bila jina, na nikaambiwa "hii inaua wote". Chupa ya namna hiyo haina kipimo, haina maelezo ya tahadhari wala mkanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu, na mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na chupa nyingine. Dawa halali ni ile iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ikiwa kwenye chombo chake cha awali, na lebo yake ikitaja mdudu unayekusudia kumdhibiti. Mteremko nao usisahauliwe. Maji yanayotiririka kutoka Mwanga na Bangwe hayana pengine pa kwenda ila ziwani. Pairethroidi ni sumu kali sana kwa samaki hata kwa kiasi kidogo, na ziwa hili lenye kina cha karibu mita 1,470 ndilo linalotupa dagaa na migebuka. Ua la getini halistahili kulipiwa kwa gharama hiyo.

Limebaki suala la vipandikizi, ambavyo kwa maoni yangu ndiyo njia kuu ya wadudu kusafiri mjini kwetu, kwa kuwa karibu kila plumeria ya mtaani imetoka kwenye tawi la jirani. Tawi likatwe mwishoni mwa kiangazi, likiwa halina majani. Kama bado lina majani, yaondolewe yote, na kutu itaondoka pamoja nayo. Lisuguliwe kwa mswaki na maji ya sabuni, hasa kwenye makovu ya majani, lisuuzwe, kisha liachwe kivulini kwa juma moja au mawili hadi jeraha likauke, maana tawi linalopandwa likiwa bichi huoza kirahisi. Likishapandwa kwenye mfuko likae peke yake, mbali na miti mingine, hadi majani yake ya kwanza yakomae, kwa kuwa kufikia wakati huo mayai yoyote yaliyojificha kwenye nyufa za gome huwa yameshaanguliwa na watoto wake wanaonekana.